Nilivyokifikisha Kiambaza cha Vitabu Jeddah

Nimerudi Malaz, hapa Riyadh, salama, miguu imevimba na sauti imekauka, na tangu nishuke garini kila ninayekutana naye kwenye ngazi ananiuliza jambo lile lile: "Bi Zuhura, ilikuwaje huko?" Bi Tatu wa ghorofa ya pili nimemsimulia mara mbili, na mara ya pili kaninunia eti nimeruka kipande. Basi nimekaa chini niandike mara moja tu. Anayetaka kusoma asome, na anayetaka kununa anune.

Kwa nyie wa Tanga mtakaoletewa karatasi hizi bila kujua mwanzo wake: mimi ni mkutubi wa shule moja hapa Riyadh, mwaka wa kumi na moja sasa. Miaka miwili iliyopita alihamia kwenye jengo letu mama mmoja wa Kikorea, Bi Yun, ambaye mumewe ni mhandisi. Siku aliponikaribisha chai nikaona sebuleni kwake kiambaza cha kukunja, mbao nane zilizovikwa karatasi na kuunganishwa, na juu yake limechorwa kabati zima la vitabu. Vitabu vimelazwa kwa marundo, vimefungwa vitambaa vya maua, na pamoja navyo kuna vikombe, brashi, wino, miwani, manyoya ya tausi na makomamanga. Nikanyoosha mkono nichukue kitabu. Naapa! Mkutubi mzima, nimekwenda kuchomoa kitabu cha kuchorwa. Bi Yun alicheka mpaka akakaa chini, na wiki iliyofuata nikawa mwanafunzi wake.

Wakorea huiita kazi hii chekgori. Aliniambia zamani hata mfalme aliyekosa wasaa wa kusoma alijiwekea kiambaza cha namna hii nyuma ya kiti chake, ajifariji kwa kuvitazama vitabu. Kisha akaniambia nisiige rafu za Korea, nichore za kwetu. Nikachora marufaa ya kusomea msahafu, kalamu za mwanzi, chetezo, mrashi, saa ya ukutani, na miwani ya marehemu baba yenye mguu mmoja uliofungwa uzi.

Tatizo lilikuwa moja. Katika chekgori vitu hupandishwa juu ya vitabu: kikombe juu ya rundo, komamanga juu ya kikombe, na hivyo rafu inajaa na jicho halianguki. Vitabu vyangu vilikuwa vitupu juu. Vitu vyangu vyote vilikaa pembeni, kama wageni wasiojuana. "Rafu zako zina mashimo," Bi Yun aliniambia. "Weka kitu." Nikasema nitaweka. Sikuweka. Akaniuliza kwa nini, nikasema napenda hivyo tu. Lilikuwa jibu la kijinga, na nililijua hivyo wakati ule ule linanitoka mdomoni.

Sasa Bi Yun ana sheria yake. Mwanafunzi hapigi mhuri kazi yake mpaka mwalimu aseme imekamilika, na mhuri wenyewe huchongwa na mwalimu. Kazi isiyo na mhuri ni zoezi, hata ukiitolea jasho la damu. Mkataba wa mumewe umekwisha. Alikuwa anaondoka Ijumaa kupitia Jeddah, na Alhamisi anafanya maonyesho ya kuagana nyumbani kwa rafiki yake, Ustadha Badria, anayefundisha hati za Kiarabu mtaa wa Al-Rawdah. Alitangulia kwa ndege akaniachia neno: "Kilete. Kikiwa kimekamilika, tutakipiga mhuri. Kama hakijakamilika, Zuhura, sitakudanganya." Ijumaa zangu zote za miaka miwili zilikuwa zinangoja hapo.

Malaz: kiambaza hakilali

Dereva wangu alikuwa Kioko, Mkamba wa Machakos anayeendesha basi la shule yetu. Ana mwili wa mbeba magunia na sauti ya mwalimu wa kwaya. Alikuja Jumatano baada ya alfajiri na gari dogo la abiria, akakitazama kiambaza, akautazama na mlango wa gari.

"Auntie, hii kitu si tuilaze tu?"

"Hakilazwi. Karatasi itabonyea."

"Lakini ni karatasi, haiwezi sikia uchungu."

"Nikikulaza wewe juu ya paa mpaka Jeddah, utasikia?"

Akaenda kutafuta spana. Ilibidi kung'oa viti viwili ili kiambaza kisimame, na skrubu zake zilikuwa zimeshika kutu. Mlinzi wa jengo, Mmisri mwenye huruma nyingi na vifaa vichache, alileta spana isiyoingia, kisha nyingine isiyoingia, kisha akaleta chai. Bi Tatu akateremka na mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga aliowafunga kwenye karatasi, akasimama hapo kutuelekeza. Nilipanga kuondoka saa kumi na mbili. Tuliondoka saa tatu kasoro, na Bi Tatu bado anaelekeza.

Njia ya magharibi: vitabu viko wapi?

Barabara ya kwenda Taif imenyooka mpaka inachosha. Mchanga huku, mchanga kule, na ngamia wachache wenye nyuso za watu waliodhulumiwa. Samaki wa Bi Tatu walinukia gari zima. Nilikuwa nimekaa nyuma nimekishikilia kiambaza kwa goti, na kila tuta nililipokea kwa mgongo.

Kwenye kizuizi kimoja cha askari tukasimamishwa. Kijana mmoja wa zamu, mpole, akauliza tumebeba nini kwenye mablanketi. Kioko hakunipa nafasi. Akatoa Kiarabu chake cha usukani: "Kutub! Kutub waajid!" Yaani vitabu, tena vingi.

Askari akataka kuviona. Nikaanza kueleza, lakini keshafungua mlango. Tukakiteremsha, nikakamata upande mmoja na Kioko mwingine, tukakikunjua pale pembeni mwa lami mbao zote nane. Askari akatazama. Akazunguka nyuma. Akarudi mbele.

"Mafi kutub," akasema. Hakuna vitabu.

"Fii, fii!" Kioko akamjibu kwamba vipo, anavionyesha kwa kidevu kwa sababu mikono haikuwa na nafasi.

Askari akasogea, akanyoosha kidole polepole, akagusa kitabu cha buluu cha rafu ya tatu. Nilikiona kile kidole kinasita, kinashangaa kukuta ubapa. Basi alicheka! Akamwita mwenzake, naye akaja akakosea vile vile. Moyo wangu ukajaa. Watu wawili wenye macho makali, kazi yao ni kukagua, na vitabu vyangu vimewashinda. Yule wa pili akaniuliza kile cha buluu kinahusu nini.

"Sijakisoma bado," nikamwambia.

Hapo upepo ukapita, upande wa Kioko ukamponyoka, na ubao wa mwisho ungepiga lami kama askari asingeukinga kwa kifua chake. Aliurudisha taratibu kwa mikono miwili, akafuta vumbi kwa mkono wa shati lake la kazi. "Yalla, halas," akasema, yaani haya basi, "nendeni na maktaba yenu." Tulipoondoka bado walikuwa wanabishana kuhusu ile miwani, kama ilichorwa au ilibandikwa.

Tulikula mchana kwenye kituo cha mafuta, wali wa kabsa na kuku, Kioko akilalamika kwamba amekula wali miaka minne na tumbo lake bado linauliza ugali. Samaki wa Bi Tatu tukampa Mbangali anayeuza chai, ambaye alitupa chai mara tatu mfululizo. Bi Tatu, sasa unajua samaki wako walikwenda wapi.

Taif: komamanga

Taif tulifika alasiri, na baridi yake nzuri ikanifungua kifua. Kando ya barabara wameyapanga makomamanga, mekundu, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Nikaona hii ndiyo dalili yangu. Nilikuwa nimechukua penseli, brashi na rangi, kwa sababu kabla ya kuondoka nilikuwa nimeshakata shauri: nitaweka vitu juu ya vitabu, nipate mhuri wangu, basi. Vitu sita vingetosha.

Tukaingia mkahawa mmoja, upande wa familia, tukafungua mbao mbili tu za mwanzo. Nikaweka komamanga mezani, nikasogeza penseli juu ya rundo la kwanza.

Mkono haukwenda. Nilijaribu mara ya pili, nikachora kiduara chepesi, nikakifuta kabla hakijafunga. Nikakaa nakitazama kitabu changu mwenyewe, na ndipo iliponijia kwa nini, jambo nililotakiwa kumwambia Bi Yun miaka miwili nzima na sikulijua.

Nilikuwa na miaka sita, chuoni kwa shangazi Mwanajuma, mwalimu wetu wa Kurani, kule Ngamiani, Tanga. Nililetewa andazi, nikaliweka juu ya juzuu yangu nipate kufunga mtandio. Chuo kizima kikanigeukia. Shangazi hakunipiga. Aliliondoa andazi, akaibusu juzuu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaanza kuifuta ile alama ya mafuta kwa upindo wa kanga yake. Aliifuta mpaka tukatoka, kila mtoto anasoma naye anafuta tu. Tangu siku ile sijaweka kitu juu ya kitabu, kiwe cha dini, kiwe cha hesabu. Nikienda nyumba za watu naondoa vikombe juu ya magazeti.

Nikamweleza Kioko. Aliacha kutafuna.

"Sasa auntie, si umwambie tu huyo madam? Ni kitu ndogo."

"Nimwambie nini? Kwamba babu zake waliochora vikombe juu ya vitabu miaka na miaka hawakuwa na adabu? Mwanamke amenifundisha bure, nimuage kwa tusi?"

"Basi chora."

"Siwezi."

"Basi mwambie."

"Siwezi, Kioko!"

"Haya," akasema, "basi tule hii komamanga." Tukalila. Lilikuwa tamu, na nilikuwa na hasira nalo.

Kuteremka Al-Hada

Kutoka Taif barabara inaporomoka mlimani kwa kona zisizohesabika. Masikio yanaziba, breki zinanuka, na nyani wamekaa kwenye kingo wanakutazama kana kwamba wanajua jambo. Kioko aliimba wimbo wa kanisani chini chini, mimi nikasoma dua kwa sauti, na kiambaza katikati yetu kikagonga kila kona.

Chini, kabla ya Makka, njia zinagawanyika. Kibao kinawaelekeza wasio Waislamu wazunguke. Kioko akapunguza mwendo, uso umemshuka.

"Auntie, hapa ndio tunaachana? Wewe ushuke upite huku, mimi nizunguke?"

Maskini, alikuwa ameliwaza jambo hili tangu Riyadh, akidhani ni dhambi kwangu kuipita Makka kwa pembeni pamoja naye. Nikamwambia nimejaaliwa umra mara tatu, na leo nimekuja na amana ya mtu, azungushe gari twende. Alishukuru kana kwamba nimemwondolea jiwe mgongoni, akaongeza mwendo akaimba sasa kwa sauti kubwa, na sikumkataza.

Jeddah ilitupokea kwa joto lile lile la Tanga, la kunata. Nilifurahi kwa muda mfupi tu, kwa sababu karatasi yangu, iliyokaushwa na kuwambwa Riyadh, ilikunywa ule unyevu ikalegea. Nilipofika kwa mwenyeji wangu, mtu wa nyumbani anayekaa Al-Safa, karatasi ya kila ubao ilikuwa imetoa tumbo. Nikampigia Bi Yun.

"Kiache wazi chumbani penye kiyoyozi, asubuhi kitakuwa kimejikaza," akasema. "Na usikiguse kwa brashi yenye maji. Rangi itatambaa yote." Kisha akauliza, "Umeweka vitu?"

Nikasema atakiona kesho. Sasa hata nikitaka kuchora, halas, mlango ulikuwa umefungwa.

Al-Rawdah

Nyumba ya Ustadha Badria ina ukumbi mrefu wenye mazulia na meza fupi za shaba. Ustadha ni mwanamke wa miaka sabini, mwembamba, vidole vyake vina wino usiotoka tena. Aliyetufungulia mlango alikuwa dada wa kazi, Mwanakombo, mtu wa Kilifi. Aliposikia Kiswahili chetu alifunika mdomo kwa furaha.

"Haki ya Mungu! Nyie watu wa wapi? Karibuni, karibuni. Madam, hawa ni watu wa kwetu!"

Kioko akasaidia kukisimamisha kiambaza, akaenda kukaa garini. Karatasi ilikuwa imejikaza kweli, imenyooka kama mpya. Bi Yun alitoka ndani, akanikumbatia kwa haraka, akaanza kukagua kwa kuanzia kulia, mikono nyuma. Alipita ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nahesabu hatua zake. Alipofika wa nane akageuka.

"Rangi ni nzuri sana," akasema. "Mistari ni bora kuliko yangu ya mwaka wa kwanza. Lakini haijaisha, Zuhura. Ulisema utaweka."

Nikainama nikanyoosha zulia chini ya ubao wa mwisho.

"Tutakiweka kule kwenye ujia," akasema, na niliona naye hakupenda kulisema. "Watu wataweza kukiona wakipita."

Kwenye ujia! Pale penye viatu. Nilishika upande mmoja wa kiambaza nikisaidia kukisogeza, na machozi yananichoma. Ustadha Badria, ambaye hakufuata Kiingereza chetu, alielewa nyuso zetu. Akasema tuketi kwanza tunywe kahawa, wageni hawaji mpaka baada ya asri.

Tukaketi. Kwenye meza ya katikati kulikuwa na rundo la vitabu vya Ustadha vya mifano ya hati, vya zamani, ngozi imechanika pembeni. Mwanakombo akaleta dele la kahawa na finjani na tende. Bi Yun akapokea finjani yake, akanywa funda moja, simu yake ikalia ndani ya mkoba. Akatafuta pa kuiweka finjani. Akaiweka juu ya vitabu.

Mikono mitatu ilifika kwa pamoja. Sikuamua, na wale wawili nao hawakuamua. Ustadha kutoka kushoto, Mwanakombo akiwa bado ameshika dele, na mimi kutoka upande wa pili, vidole vyetu vikagongana, finjani ikaruka na kahawa yote ikamwagikia mkono wa gauni la Ustadha. Vitabu havikupata hata tone.

Bi Yun aliruka akaanza kuomba radhi kwa lugha zote alizonazo. Ustadha anamwambia si kitu, si kitu, Mwanakombo anakimbilia kitambaa. Kisha Bi Yun akaitazama meza. Mkono wangu na wa Ustadha ilikuwa bado imefunika kitabu cha juu, na Mwanakombo aliporudi hakuanza na gauni la madam wake. Alianza kukipangusa kitabu kisicholowa.

"Mnafahamiana?" Bi Yun akaniuliza.

"Ndiyo kwanza tumeonana leo."

"Nani aliwafundisha hivyo?"

Nikawatafsiria. Ustadha akasema ni bibi yake, hapa hapa Jeddah, katika nyumba ambayo haipo tena. Mwanakombo akasema, "Mimi ni maalimu wangu, madam, huko Takaungu. Ukieka kitu juu ya chuo, kitabu chochote, siku hiyo huli." Nami nikamweleza shangazi Mwanajuma na andazi langu, mpaka ule upindo wa kanga.

Bi Yun aliinuka akaenda kwenye kiambaza. Alianza tena kulia, ubao wa kwanza, na safari hii alikwenda taratibu, karibu sana, akitazama juu ya kila rundo. Alipofika kwenye miwani ya baba iliyokaa pembeni ya kitabu, imegeuzia vioo vyake kwenye kitabu, akainama kuitazama.

"Kwetu," akasema bila kugeuka, "tunaweka kikombe juu ya kitabu ili kitabu kisikae peke yake. Ni kukipenda." Kisha: "Na hapa kila kitu kimekaa chini yake. Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Nilidhani nitawatukana wazee wako."

"Miaka miwili nilikuwa najaribu kukufanya umtukane shangazi yako," akasema.

Akafungua mkoba wake. Akatoa kifuko cha hariri, na ndani yake jiwe dogo la kijivu, tayari limechongwa, na kikopo cha wino mwekundu. Nikamuuliza amelichonga lini. Akasema Ramadhani ya mwaka jana, siku nilipomaliza ubao wa nne. Kumbe muda wote nilipolala nikiutamani mhuri huo, ulikuwa ghorofa moja juu ya kitanda changu.

"Piga wewe," akasema. "Kazi ni yako, na imekwisha."

Nilipiga magoti mbele ya ubao wa nane. Nilikandamiza kwa haraka na mhuri ukatoka umepinda kidogo kuelekea kushoto. Bi Yun akasema umepinda. Nikamwambia auache hivyo hivyo.

Mwanakombo ndiye aliyeanza. Alitua kitambaa chake, akatupa kigelegele kilichogonga dari, mimi nikampokea, na Ustadha Badria, miaka yake sabini na mkono wa gauni umelowa kahawa, akajibu kwa kigelegele cha Kihijazi, cha watu wa pande zile, kirefu kuliko vyetu vyote. Kioko akaingia mbio bila viatu akidhani kuna moto. Ustadha akamwelekeza kwa kidole chenye wino akitoe kiambaza kwenye ujia, akisimamishe katikati ya ukumbi, na wageni walipoanza kuingia baada ya asri, wa kwanza wao, mama mnene mwenye abaya ya kijani, alikwenda moja kwa moja akanyoosha mkono kuchukua kitabu.